Mabeki watano wazuri, mmoja lazima aondoke: timu ya hoki ya barafuni huamuaje?

Tarehe 12 Desemba 2025 timu ya Vancouver Canucks ya Kanada ilimwachia nahodha wake, beki Quinn Hughes, akahamia Minnesota Wild ya Marekani. Hakuna ada ya uhamisho iliyolipwa. Vancouver ilipewa wachezaji watatu, Marco Rossi, Liam Öhgren na Zeev Buium, pamoja na nafasi ya Minnesota ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza mwaka 2026. Hughes alikuwa na miaka 26, na mwaka 2024 alikuwa ametunukiwa Norris, tuzo ya beki bora wa ligi nzima.

Kwenye taarifa ya michezo habari hii ilichukua sekunde chache tu. Maswali yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa mengi. Timu inamwachiaje nahodha wake bila kulipwa hata senti? Na timu ikiwa na mabeki wengi wazuri, nani anakaa na nani anapanda ndege? Redioni muda haukutosha, kwa hiyo leo tuandike kwa nafasi.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Hii si hoki ya magongo inayochezwa kwenye nyasi. Hii inachezwa juu ya barafu, wachezaji wamevaa viatu vyenye chuma chini, na badala ya mpira wanagombea kisahani cheusi kigumu. Kila timu inaingiza watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Hata kwetu Afrika Mashariki mchezo huu upo. Pale Nairobi kuna uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, na ndipo timu ya Kenya, Ice Lions, ilipoanzia. Ligi kubwa kuliko zote duniani inaitwa NHL. Ina timu 32, 7 za Kanada na 25 za Marekani.

Mechi ni dakika 60, lakini wachezaji hupokezana mfululizo, kila kundi likikaa uwanjani chini ya dakika moja kisha likatoka kupumua. Mshambuliaji nyota hucheza kama dakika 20 hivi. Beki nyota anaweza kufika 25 na zaidi. Kwa hiyo beki wa kwanza wa timu yuko uwanjani karibu nusu ya mechi, naye ndiye anayeanzisha mashambulizi kutoka nyuma. Timu inavaa mabeki sita kwa siku. Ukiwa na wawili wazuri wewe una bahati, na ukiwa na wanne majirani wanaanza kubisha hodi.

Kwa nini wabadilishane badala ya kuuziana?

Sisi tumezoea usajili wa soka. Simba au Yanga ikimtaka mchezaji mwenye mkataba, inazungumza na klabu yake, inalipa, mchezaji anakuja. Mwenye fedha nyingi ana nafasi kubwa ya kumpata. NHL haiendi hivyo. Msimu wa 2004/05 ulifutwa wote, hapakuchezwa hata mechi moja, kwa sababu wamiliki na wachezaji hawakukubaliana kuhusu mishahara. Waliporudi mwaka 2005 walirudi na sheria mpya: kila timu ina kikomo cha jumla ya mishahara, na tajiri na maskini wote wanabanwa na kikomo hicho hicho. Mwaka ule kilikuwa dola milioni 39. Msimu wa 2025/26 kimefika dola milioni 95.5.

Maana yake ni kwamba fedha za tajiri haziwezi kumaliza tatizo. Timu ikishafika kwenye kikomo, mtu akiingia lazima mwingine atoke. Ndiyo maana biashara kubwa ya ligi hii ni kubadilishana: mtu kwa mtu, mtu kwa chipukizi, watatu kwa mmoja. Na mara nyingi sana katika biashara hiyo, beki ndiye bidhaa inayotafutwa kuliko zote, kwa kuwa beki huchelewa kukomaa na wazuri ni wachache.

Nashville, Januari 2016

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Nashville Predators, timu ya jimbo la Tennessee. Meneja mkuu wake alikuwa David Poile, ambaye alikuwepo tangu timu inaanza kucheza mwaka 1998. Timu yake ilikuwa inasifika kwa kukuza mabeki. Ilichokosa miaka yote ni mshambuliaji wa kati wa daraja la kwanza, yule anayesimama katikati ya washambuliaji watatu na kuugawa mchezo. Watu wa namna hiyo hawapatikani sokoni. Ukimtaka, toa kitu kinachouma.

Poile alikuwa na mabeki watano ambao timu yoyote ingewapokea kwa mikono miwili. Tuwaangalie kama alivyopaswa kuwaangalia yeye.

Shea Weber, nahodha, miaka 30. Shuti lake lilikuwa miongoni mwa yale makali zaidi katika ligi. Mwaka 2012 Philadelphia walijaribu kumchukua kwa mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya dola milioni 110, na Nashville ikalazimika kulipa kiasi hicho hicho ili abaki. Mkataba ungemfikisha mwaka 2026, akiwa amekaribia miaka 41.

Roman Josi, Mswisi, miaka 25. Mshahara wake kwenye hesabu ya kikomo ulikuwa dola milioni 4 tu kwa mwaka, hadi 2020. Kwa kiwango chake, hiyo ni bei ya kutupa.

Mattias Ekholm, Mswidi, naye miaka 25, alikuwa ametoka kusaini miaka sita kwa dola milioni 3.75 kwa mwaka. Ryan Ellis, aliyekuwa ametimiza 25 siku chache kabla, alikuwa kwenye dola milioni 2.5. Huyu ni mfupi kwa kipimo cha mabeki wa ligi hii, lakini ana akili nyingi ya mchezo.

Wa tano ni Seth Jones. Miaka 21, urefu wa karibu mita 1.93, mtoto wa Popeye Jones aliyewahi kucheza mpira wa kikapu NBA. Mwaka 2013 wengi walitarajia awe wa kwanza kuchaguliwa miongoni mwa chipukizi wote, lakini timu tatu zilimpita na Nashville ikamwokota nafasi ya nne. Mkataba wake wa mwanzo ulikuwa unaisha kiangazi kile kile, na ilijulikana kwamba ujao utakuwa mkubwa.

Mshabiki akiulizwa ampeleke nani, atasema mpeleke aliye dhaifu, bakiza walio bora. Lakini mfugaji yeyote anajua jibu la jirani. Ukitaka dume lake zuri la mbegu, hatakupa kwa ng'ombe mzee asiyetoa maziwa. Columbus Blue Jackets walikuwa na Ryan Johansen, mshambuliaji wa kati wa miaka 23 aliyefunga mabao 33 msimu wa 2013/14. Wangemkataa Ellis, na wangeukimbia mkataba wa Weber. Josi wangempokea wakicheka, ila Nashville isingepata popote mtu wa kiwango kile kwa milioni 4.

Akabaki Jones. Hapa ndipo hesabu inapovutia, kwa sababu Jones hakuwa mbaya. Pengine ndiye aliyekuwa na kesho kubwa kuliko wote. Lakini ndani ya Nashville alikuwa amesimama kwenye foleni. Beki naye ana mkono wake, kama vile kwenye soka tulivyo na beki wa kulia na wa kushoto. Wapo wanaoshika gongo kwa kulia na wapo wa kushoto, na kocha hupenda kuwapanga wawili wawili, mmoja wa kila mkono. Josi na Ekholm ni wa kushoto. Weber, Ellis na Jones wote ni wa kulia. Nafasi za juu za kulia ni mbili, watu ni watatu, na mmoja wao ni nahodha mwenye mkataba hadi 2026.

Kwa maneno mengine, Jones alikuwa na thamani kubwa zaidi nje ya Nashville kuliko ndani yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kinachofaa kuliko kuuliza nani bora na nani dhaifu. Unamtoa yule ambaye mwenzako atamhesabu kwa bei ya juu, huku wewe ukiwa na mtu wa kuziba pengo lake.

Tarehe 6 Januari 2016 wakabadilishana, Jones kwa Johansen, mmoja kwa mmoja, bila nyongeza. Columbus nao walikuwa na sababu zao. Hawakuwa na beki wa kwanza wa kutegemewa, na kocha wao mpya John Tortorella alikuwa amefikia kumweka Johansen nje ya kikosi.

Nani alipata? Mwaka 2017 Nashville ilifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Johansen alikuwa kiini cha safari hiyo. Bahati mbaya aliumia paja kwenye nusu fainali dhidi ya Anaheim, hakucheza fainali, na Pittsburgh wakatwaa kombe kwa mechi 4 dhidi ya 2. Columbus nao, Jones akiwa beki wao mkuu, waliitoa Tampa Bay mwaka 2019 kwa mechi 4 kwa 0 katika raundi ya kwanza, na Tampa ile ilikuwa imeshinda mechi 62 za msimu wa kawaida. Ni nadra kwenye biashara hizi pande zote mbili kutoka na tabasamu.

Nahodha naye akaondoka

Poile hakuishia hapo. Tarehe 29 Juni mwaka ule ule alimpeleka Weber mwenyewe Montreal na kumchukua P.K. Subban, beki wa miaka 27, mshindi wa Norris mwaka 2013, mwenye wazazi waliotoka Karibi. Montreal ilipata beki mkomavu na kiongozi. Nashville ilipata miguu iliyo michanga kwa karibu miaka minne, tena ikajivua mkataba uliokuwa unakwenda hadi 2026.

Tazama tarehe. Mkataba wa Subban ulikuwa na kipengele kinachomruhusu kukataa kuhamishwa, na kipengele hicho kilikuwa kinaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2016. Alihamishwa siku mbili kabla. Siku mbili. Kama Montreal wangesubiri wikiendi ipite, wasingeweza kumgusa bila ridhaa yake. Miezi tisa nyuma, Septemba 2015, Subban alikuwa ameahidi kuichangishia hospitali ya watoto ya Montreal dola milioni 10. Watu wa mji ule walimhesabu kama mtoto wa nyumbani, na kelele zilizopigwa siku ile zilikuwa kubwa.

Ukiangalia kwa umri na mkataba peke yake, Nashville ilifanya vizuri. Lakini Weber aliiongoza Montreal hadi fainali ya mwaka 2021, wakafungwa na Tampa Bay, na baada ya hapo mwili ukagoma kwa majeraha na hakucheza tena. Mkataba wake uliendelea kuhamishwa kutoka timu moja hadi nyingine kwenye makaratasi ili tu hesabu za mishahara zikae sawa, mwenyewe yuko nyumbani. Mwaka 2024 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa hoki. Subban naye alidumu Nashville misimu mitatu, akapelekwa New Jersey mwaka 2019, na mwaka 2022 akastaafu.

Karatasi inapoamua badala ya kocha

Kuna wakati meneja hana hata uhuru wa kuchagua. Mwaka 2017 timu mpya ya Vegas Golden Knights ilikuwa inaingia ligini, na kila timu ya zamani ilipaswa kumtoa mchezaji mmoja. Timu iliruhusiwa kuwalinda wachache, na njia iliyotumiwa na wengi ilikuwa kulinda washambuliaji saba, mabeki watatu na kipa mmoja. Anaheim Ducks walikuwa na mabeki wengi wazuri: Hampus Lindholm, Cam Fowler, Sami Vatanen, Josh Manson na chipukizi Shea Theodore. Lakini walikuwa pia na Kevin Bieksa, miaka 36, mwenye kipengele cha kutohamishwa. Sheria ilisema mwenye kipengele hicho ni lazima alindwe. Kwa hiyo nafasi moja kati ya tatu ilikwenda kwa mzee, na Vatanen na Manson wakabaki nje ya uzio.

Anaheim wakafanya mapatano: Vegas wawaache hao wawili, wamchukue beki mwingine aitwaye Clayton Stoner, na kama asante wapewe Theodore. Theodore alikuwa na miaka 21. Miezi mitano baadaye, tarehe 30 Novemba 2017, washambuliaji wao wa kati walikuwa majeruhi, na Anaheim wakampeleka Vatanen New Jersey ili kumpata Adam Henrique. Yaani yule waliyemlinda kwa gharama ya Theodore naye akaondoka. Theodore alinyanyua Kombe la Stanley akiwa na Vegas mwaka 2023. Anaheim wangali wanalitazama kwa mbali.

Sisemi walikuwa wajinga. Kipengele cha Bieksa kilikuwa kimesainiwa kabla hata Vegas haijapewa timu. Ila kila ninapokutana na mkataba wenye kipengele cha namna hiyo, namkumbuka Theodore.

Na mchezaji je?

Haki ya kukataa kuhamishwa huwezi kuiandika kwenye mkataba wa kijana. Mchezaji anaweza kuipata anapofikia umri wa miaka 27 au akiwa ametimiza misimu saba ligini. Kabla ya hapo simu ikilia unafunga mizigo. Jones hakuulizwa. Theodore hakuulizwa. Na Buium, aliyetoka Minnesota kwenda Vancouver Desemba akiwa na miaka 20, hakuulizwa. Ni vijana wenye mishahara mikubwa, hilo tunalijua, na hapa kwetu wapo wengi ambao wangekubali kuhamishwa kila wiki kwa fedha hizo. Lakini kijana analala Minnesota na kuamka anatakiwa Vancouver, nchi nyingine, mji asioujua, kwa sababu mtu mwingine alikuwa na mahitaji.

Upande wa Vancouver hesabu ilikuwa ya muda. Mkataba wa Hughes, dola milioni 7.85 kwa mwaka, unaisha mwaka 2027, na baada ya hapo yuko huru kwenda anakotaka bila timu yake kupata chochote. Ana wadogo zake wawili, Jack na Luke, wote wakicheza New Jersey Devils, na uvumi kwamba siku moja atawafuata haujawahi kuisha. Vancouver ilikuwa miongoni mwa timu za mwisho kwenye msimamo. Ingemshika hadi mwisho, ingebaki na mikono mitupu. Ilipomwachia Desemba, aliyempokea alipata msimu huu na ujao wote, na hiyo ndiyo iliyopandisha bei. Mimi naona walimtoa kwa wakati. Uchungu wa mashabiki ni halali, ila kusubiri kungewaumiza zaidi. Hawajawahi kutwaa kombe hata mara moja, wamefungwa fainali tatu, 1982, 1994 na 2011, na Hughes peke yake asingebadilisha hilo kwa kikosi kile.

Minnesota ndiyo iliyocheza kamari. Meneja wake Bill Guerin alilazimika kujibu swali lile lile la Nashville: kati ya mabeki wangu, nimtoe nani? Nahodha Jared Spurgeon ana miaka 36, Jonas Brodin yuko kwenye miaka ya thelathini, na hao wasingewashawishi Vancouver, timu inayojenga upya. Brock Faber, miaka 23, yuko mwanzoni mwa mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 68, na Minnesota ilikuwa imeshaamua kwamba yeye ndiye nguzo. Akabaki Buium: kijana, mkono wa kushoto sawa na Hughes, mshahara mdogo, thamani kubwa kwa jirani. Ukiweka picha ya Seth Jones pembeni, zinafanana sana.

Haraka yao ina sababu. Septemba 2025 walimsainisha mshambuliaji Kirill Kaprizov miaka minane kwa dola milioni 136, mkataba mkubwa kuliko wowote katika historia ya ligi, na unaanza kuhesabiwa msimu wa 2026/27. Timu hii inacheza tangu mwaka 2000 na haijawahi hata kufika fainali. Ukishamlipa mtu mmoja hivyo, huna miaka mitano ya kungoja beki wa miaka 20 akomae.

Kwa wenye ndugu kule Minnesota, na Wakenya wako wengi, mechi za nyumbani zinazoanza saa 1 jioni kwao majira ya baridi huwa ni saa 10 alfajiri kwetu. Za Vancouver zikianza saa 1 usiku kwao, kwetu ni saa 12 asubuhi, wakati wa kukamua. Video za mechi zinamaliza bando upesi. Matokeo kwa maandishi yanatosha.

Tarehe ya kuangalia ni 1 Julai 2026. Kuanzia siku hiyo sheria inamruhusu Hughes kusaini mkataba mpya na Minnesota. Akisaini, Buium atakuwa amelipia miaka mingi ya beki bora. Asiposaini, Guerin atakuwa na mwaka mmoja tu, beki mmoja ambaye kila timu inamtaka, na simu zitaanza kuingia ofisini kwake.